Waya Haukomai: Mhadhara juu ya Spika, Nyaya na Masikio

Luvungi ipo mashariki mwa Kongo, katika tambarare ya Ruzizi, teritwari ya Uvira, kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Sange. Anayeshuka kutoka Bukavu hupita Nyangezi na miteremko ya Ngomo, na akifika chini hupokewa na joto ambalo kule juu mjini halipo. Joto hilo litarudi katika mhadhara huu likiwa na kazi ya kufanya, ingawa swali lenyewe linaanzia mbali na tambarare: je, vyombo vya sauti hubadilika kwa kutumiwa? Je, spika mpya huwa kavu na ngumu, kisha ikakomaa baada ya saa mia moja za muziki? Na je, hata waya, yaani shaba iliyovikwa plastiki, unahitaji kuzoezwa kabla ya kutoa sauti yake halisi?

Wanaojibu ndiyo kwa yote si wachache. Katika maduka ya vyombo vya kifahari Ulaya na Marekani, mnunuzi husihiwa asihukumu mapema. Asubiri saa 50, saa 100, wakati mwingine zaidi. Kuna hata mashine zilizotengenezwa kwa kazi moja tu, kupika nyaya: waya unachomekwa, mashine inaupitishia mawimbi kwa siku kadhaa, kisha mwenyewe anaambiwa umeiva. Kampuni ya Nordost inayo moja, iitwayo Vidar. AudioQuest nao walifunga betri kwenye baadhi ya nyaya zao za bei ya juu, ili plastiki ya waya ikae chini ya volti 72 usiku na mchana, muziki uwepo usiwepo. Imani hiyo husafiri pamoja na bidhaa. Anayepakia spika mpya kwenye lori la kushuka tambarare anaweza kupewa wosia uleule bure: aipige taratibu siku za kwanza, isije ikashtuka.

Jibu fupi ni kwamba spika hubadilika kidogo, waya haubadiliki, na kinachobadilika kuliko vyote ni sikio la msikilizaji. Jibu refu lina utamu zaidi, maana linafikia mambo ambayo kila kanisa, kila baa na kila kamati ya harusi Luvungi inayalipia pesa bila kujua.

Spika kwanza, kwa kuwa hapo waumini wana hoja. Spika ya leo inatokana na kazi ya Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric waliotangaza ubunifu wao mwaka 1925. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: koili ya waya ndani ya sumaku, karatasi iliyobandikwa kwenye koili hiyo, ukingo laini unaoishika karatasi pembeni, na nyuma yake kitambaa chenye mikunjo, kilichokaushwa kwa gundi, kinachoirudisha koili katikati kila inapotoka. Kitambaa hicho kikitoka kiwandani huwa kikavu. Koili ikianza kwenda mbele na nyuma, gundi hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, nyuzi hulegea, na mwendo unakuwa mwepesi.

Jambo hili hupimika. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliwapa wajenzi wa spika vipimo vya kueleza tabia ya spika kwa namba. Mojawapo ni mtikisiko wake wa asili, yaani masafa ambayo karatasi hupenda kutikisikia yenyewe ikiguswa. Spika ya besi ikifanyishwa kazi nzito, masafa hayo yanaweza kushuka kwa asilimia 10 hivi. Sehemu kubwa ya badiliko hilo huja mapema, spika inapoanza tu kusukumwa kwa nguvu, wala haingoji siku ya nne. Spika ikipumzishwa, sehemu ya ugumu wake hurudi.

Wauzaji huishia hapo. Fundi anayejenga makasha anajua linalofuata. Spika huwekwa ndani ya kasha, na hewa iliyofungiwa humo nayo ni springi, mara nyingi ngumu kuliko kile kitambaa. Kitambaa kikilegea, hewa inabaki vilevile, na sauti inayotoka nje hubadilika kwa sehemu ya desibeli moja tu. Spika mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupishana kwa zaidi ya hapo. Kulisogeza kasha nusu mita kutoka ukutani huibadilisha besi kuliko wiki nzima ya kuzoeza, na kazi hiyo haimalizi dakika moja.

Kwa vile vidude vidogo vya kuvaa masikioni, hata hilo kidogo halionekani. Kampuni ya Shure ya Marekani ilivipima vidude vyake vya E1, vilivyoingia sokoni mwaka 1997 na kutumika miaka mingi, ikatangaza kwamba vinatoa vipimo vilevile vya siku vilipotoka kiwandani. Ushahidi huo una uzito wake, maana kampuni inayouza ingepata faida zaidi kwa kusema kinyume.

Ndani ya amplifaya, ambayo Kivu watu huiita ampli, kuna visa viwili vitatu vya kweli. Vali za kioo za ampli za zamani huhitaji muda wa kupata moto kila zinapowashwa. Kapasita za aluminiamu zikikaa miaka bila umeme hupoteza sehemu ya utando wao wa oksidi, na utando huo hujengeka tena volti ikirudishwa polepole. Kwa hiyo ampli iliyolala muongo mzima katika stoo ya parokia isichomekwe ghafla kwenye umeme wote. Ipewe fundi aiamshe kwa hatua. Huko ni kutibu chombo kilichougua kwa kukaa, na hakuna uhusiano wowote na ampli mpya iliyotoka kwenye boksi lake.

Zoezi la kuchosha vyombo kwa saa nyingi lina asili yake halali, na asili hiyo haina muziki ndani yake. Viwanda vya vipuri vya umeme viligundua zamani kwamba kipuri kibovu hufa mapema: kikivuka siku zake za kwanza, hudumu. Kiwango cha jeshi la Marekani kiitwacho MIL-STD-883 kinaeleza namna ya kuviweka vipuri kwenye joto la nyuzi 125 za selsiasi kwa saa 160 vikiwa na umeme, ili vilivyo dhaifu vife palepale kiwandani kabla ya kufungwa kwenye ndege au kombora. Hakuna anayetarajia vilivyosalimika vitoke vikiwa bora kuliko vilivyoingia. Wauzaji wa sauti walichukua utaratibu wa kuchuja wagonjwa, wakautangaza kuwa ni chuo cha kuwaelimisha wazima.

Sasa waya. Humo hakuna kitambaa, gundi wala kitu kinachotembea ila chembe za umeme, nazo huenda polepole kuliko konokono. Shaba ya waya huchomwa moto kiwandani ili ilainike, na muziki wa spika hauna nguvu ya kuirudia kazi hiyo. Kama chuma, shaba au aluminiamu ingebadili tabia kwa kupitisha umeme, wa kwanza kulijua jambo hilo wangekuwa mainjinia wa umeme. Bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II mwaka 1989, na nyaya zinazotoka huko zimebeba umeme usiku na mchana kwa vizazi. Zimechakaa kwa mvua, kwa upepo na kwa vita. Hakuna injinia aliyewahi kuandika kwamba zimeiva.

Plastiki inayouvika waya kweli hubakiza chaji kidogo ikiwekwa chini ya volti, na jambo hilo hujulikana kwa wanaounda kapasita za vipimo vya hali ya juu. Kwenye waya wa spika wa mita chache, unaolisha koili ya omu 8, athari yake haina pa kusimama.

Kuna mtu aliyetaka jambo hili limalizwe hadharani. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyeweka dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha uwezo usio wa kawaida, alisema yuko tayari kulipa fedha hizo kwa atakayetofautisha kwa kusikia tu nyaya za spika za Pear Anjou, zilizouzwa kwa dola 7,250, na nyaya nzuri za bei ya kawaida. Michael Fremer, mhakiki mashuhuri wa vyombo vya muziki, alijitokeza. Kampuni ya Pear ikajitoa, pande zikalaumiana, na jaribio halikufanyika. Dola milioni 1 zikabaki mezani, na nyaya za aina hiyo zikaendelea kuuzwa.

Mbona basi watu waaminifu, wasiouza chochote, huapa kwamba wamesikia tofauti? Kwa sababu wameisikia kweli. Swali ni mahali ilipotokea.

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, waliwakalisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo mbele ya spika nne. Mara moja waliziona, mara nyingine zilifichwa nyuma ya pazia. Walipoziona, zile kubwa na za heshima zilipata alama za juu. Zilipofichwa, alama zilipangika upya. La kushangaza zaidi ni kwamba walipokuwa wakiona, wasikilizaji walishindwa kutambua mabadiliko ya kweli ya sauti, kwa mfano spika inapohamishwa chumbani. Macho yalikuwa yamekwisha kutoa hukumu. Na hao walikuwa watu wa fani, wanaokula kwa kazi ya spika.

Kumbukumbu ya sauti nayo ni fupi mno. Mtu anaweza kukumbuka wimbo wa utotoni neno kwa neno, lakini ukali halisi wa spika aliyoisikia Jumamosi iliyopita hana mahali pa kuuweka; unapotea ndani ya sekunde. Anayesema spika yake imelainika tangu mwezi jana analinganisha sauti ya leo na maelezo aliyojipa mwezi jana. Katikati hapo sikio limezoea. Mara ya kwanza besi ilionekana nzito, mara ya ishirini ndiyo besi ya nyumbani. Aidha mkono umeongeza sauti kidogo, kwa kuwa sasa anaiamini spika. Na sauti iliyozidi hata kwa nusu desibeli husikika kuwa bora, bila mtu kutambua kuwa ni kubwa zaidi.

Ni vema kusema pia kwamba saa mia moja ni muda unaowafaa wenye maduka. Mnunuzi asiyeridhika akiambiwa angoje, siku za kurudisha bidhaa huisha naye bado anangoja.

Luvungi hakuna anayenunua waya wa dola 7,250. Lakini waya wa Luvungi hubadilisha sauti kwa kiasi ambacho wale wa nyaya za kifahari wangekitamani, na sababu ni unene, urefu na madini. Achukuliwe mfano wa harusi ya uani. Ampli iko kibarazani karibu na betri, spika iko mita 30 chini ya turubai. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 60. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba, ule wa kufungia taa, katika urefu huo una ukinzani wa omu 2 hivi. Spika ya omu 8 mwishoni mwake inapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu iliyokuwa iipate. Zikifungwa spika mbili sambamba kwenye waya huohuo, kama inavyofanywa mara nyingi, mzigo unakuwa omu 4, na zaidi ya nusu ya nguvu haifiki. Waya wa milimita za mraba 2.5 katika umbali huo una omu 0.4 tu, na spika ya omu 8 inapoteza asilimia 10 hivi. Tofauti hiyo husikika na mtu yeyote, akiwa anaona au amefumbwa macho, na iko vilevile saa ya kwanza na saa ya elfu.

Hapo bado madini hayajazungumzwa. Masoko yamejaa waya unaong'aa wekundu wa shaba na ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba tupu, hukatika upesi ukikunjwakunjwa, na ncha zake zikipata unyevu hufanya utando mweupe unaozuia umeme. Sumaku haisaidii kuutambua, kwa kuwa shaba na aluminiamu zote mbili hazivutwi nayo. Hiyo hufichua chuma tu. Kisu husaidia: ukwanguliwe uzi mmoja, ukionyesha weupe ndani, si shaba. Mzani nao husaidia, kwani waya wa bandia ni mwepesi waziwazi. Na hayo hutokea Kongo, nchi iliyo miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa shaba duniani. Jimbo la Katanga liliitwa Shaba lenyewe kuanzia mwaka 1971 hadi 1997.

Joto sasa. Ukinzani wa shaba hupanda kwa asilimia 39 joto lake likipanda kwa nyuzi 100, na koili ya spika inayofanyishwa kazi usiku kucha hufika huko bila shida, hasa mahali ambapo hewa yenyewe hupita nyuzi 30 mchana. Koili ya moto hukubali umeme mdogo kuliko iliyopoa, na sauti hushuka kwa karibu desibeli 3 ingawa hakuna aliyegusa kitufe. Saa nne za usiku sebene liko juu. Saa saba spika ileile imekuwa nzito kusema. Mpiga disko anaongeza, koili inazidi kupata moto, inazidi kupungua, anaongeza tena. Hatimaye harufu ya vanishi inayoungua inawafikia wageni wa meza ya mbele. Spika iliyonusurika ikipoa, kesho yake asubuhi inaimba kama kawaida. Anayetafuta spika inayobadilika kwa saa ndiyo hii, ila inabadilika kinyume na ahadi ya wauzaji.

Betri nayo ina zamu yake. Betri ya risasi iliyojaa husoma volti 12.7 hivi, ikikaribia kuisha, inaposukumwa, inashuka hadi 11.5 au chini, na nguvu ya juu ambayo ampli ndogo inaweza kutoa hupungua kwa karibu asilimia 20. Na kibandiko cha wati 1,000 kilichobandikwa mbele ya ampli ya aina hiyo? Wati 1,000 kutoka volti 12 ni ampea 83. Betri ya gari ya ampea-saa 60 ingekufa kabla ya mchungaji kumaliza kufungisha ndoa. Ampli ya volti 12 isiyo na kifaa cha kupandisha volti ndani yake haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 18 hivi za sauti safi. Zinazobaki ni mkwaruzo, na mkwaruzo ndio huua vispika vidogo vya sauti kali.

Ingawa mkwaruzo nao una historia yake ya heshima Kongo. Mzee Mingiedi Mawangu wa Kinshasa, mpiga likembe, alitaka chombo chake kisikike katika makelele ya mtaa. Akatengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu na vipande vya mbao, akapeleka sauti kwenye vipaza sauti vya pembe vya enzi ya mkoloni. Sauti ikatoka imekwaruzika vibaya, na kundi lake, Konono Nº1, likaifanya kuwa nembo yake. Albamu yao Congotronics ilitolewa mwaka 2004 na Crammed Discs ya Ubelgiji, ikazungushwa duniani kote. Hakuna saa mia za kuzoeza zilizoizaa sauti ile. Kila kitu ndani yake kina sababu inayoweza kushikwa mkononi.

Miaka nayo hubadilisha spika kwa dhati, tena kwa ubaya. Ukingo wa sponji huoza kwa joto na unyevu hadi ukamomonyoka kama mkate mkavu, na spika huanza kupiga kelele za kuchanika. Ukingo wa mpira au wa kitambaa huvumilia zaidi, na kwa tambarare ndio wa kununua. Vumbi likiingia kati ya koili na sumaku hukwaruza. Kapasita zinazokaa kwenye joto hupungukiwa umri: kila nyuzi 10 zikiongezeka, maisha yake hukatwa karibu nusu. Ampli iliyofunikwa kwa kitambaa cha urembo ili ipendeze mbele ya madhabahu inafupishiwa siku zake kwa mapambo.

Masikio yasisahauliwe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100. Baada ya usiku wa kelele zaidi ya hizo, sikio hujifunga kwa muda, na muziki wa asubuhi husikika laini, wa mbali, mtu akadhani spika zimekomaa.

Kwa hiyo kamati ya kwaya au ya harusi yenye fedha kidogo za ziada isizitumie kungoja wala kuzoeza chochote. Inunue waya wa shaba tupu wa milimita za mraba 2.5, iukwangue kwa kisu mbele ya muuzaji, iweke ampli karibu na spika, ilehemu viungo badala ya kuvisokota, na iiache ampli ipumue. Spika mpya ipigwe siku hiyohiyo inapofika, kwa sauti ya kawaida. Ikiwa mbaya, irudishwe dukani kesho yake, kabla muuzaji hajaanza kuhesabu saa mia.